Mkono Usiofika Sikioni

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Nyie wenzangu wa umri wangu mkisikia hivyo tu mnajua nasema mwaka gani, sina haja ya kuwatajia tarehe, na mimi mwenyewe tarehe sizijui. Mahindi yalikaukia shambani yakiwa hayajafika kiunoni, michembe ya viazi vikavu ikaisha ghalani, ndipo ukaja ule unga wa msaada kwenye magunia yenye maandishi ya Kizungu. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia lililonyeshewa. Watu wakasema ni chakula cha farasi. Mama yangu akasema, "Farasi si mnamjua alivyo na nguvu? Kuleni." Tukala. Tulikula na mlenda, tukala na majani ya kunde yaliyokaushwa, siku nyingine tukala na maji ya chumvi. Wakubwa waliukunjia uso. Mimi niliupenda, na sioni haya kusema hivyo. Mwaka ule nilirefuka kama mtama wa bondeni. Gauni langu la Idi ndogo, ilipofika Idi kubwa lilikuwa blauzi.

Dada yangu Mwamvua alikula ugali uleule, sinia moja na mimi, na hakuongezeka hata upana wa kidole. Naye ndiye aliyekuwa mkubwa. Alinitangulia miaka mitatu.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu ya harufu ya spiriti. Dada ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, akatuachia watoto na wajukuu, na mmoja wa wajukuu hao, Hidaya, anakaa na mimi hapa mtaa wa Ng'ambo. Ana miaka tisa. Kila siku baada ya swala ya magharibi namkalisha kitandani, nachovya pamba kwenye spiriti, nampangusa paja, namdunga sindano yake. Mimi mwenyewe. Mikono hii imekata bati tangu nikiwa msichana, ndoo za nusu ya mtaa huu nimezigonga mimi, lakini wauguzi walinielekeza mara mbili tu, ya tatu wakaniangalia, wakasema bibi unadunga vizuri kuliko sisi. Leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumboni pembeni ya kitovu, ili ngozi isichoke mahali pamoja.

Jioni moja mtoto akauvuta mguu wake. Hakuwa anaogopa. Sindano yenyewe ni nyembamba kama sharubu la paka, alishaizoea zamani.

"Bibi," akasema, "nani aliniruka?"

"Akuruke nani?"

"Shangazi kasema kule arusini. Kasema hizi sindano ni kazi bure, mimi nilirukwa nikiwa mdogo, na aliyeniruka hakurudi kuniruka tena. Ndiyo maana hata wa darasa la kwanza wananipita."

Pamba ikanikaukia mkononi. Nilitaka kwenda kwa huyo shangazi saa ileile nikamwambie maneno yangu mbele ya mumewe. Lakini nilijiona tena nipo kwenye baraza la mama yangu, nina miaka mitano, na kosa ni langu. Maana mimi dada yangu nilimruka kweli.

Zilikuwa mvua za kwanza na kumbikumbi walikuwa wametoka. Dada alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anachora herufi kwa mkaa kwenye kipande cha bati. Watoto wa jirani wakapiga kelele kwamba kumbikumbi wanamwagika kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Nikachukua bakuli, na njia ya mkato ilikuwa juu ya miguu ya dada. Nikaruka. Jirani yetu Mama Kashindye, mwanamke wa kutoka Nzega aliyehamia mjini na ng'ombe wawili na sauti ya watu kumi, akaniona kutoka uani kwake.

"Mayu wane, mama yangu! Umemruka mwenzio! Rudi umruke tena, utamdumaza huyo!"

Nilimsikia. Nasema wazi, nilimsikia. Lakini kumbikumbi hawasubiri mtu. Niliporudi, bakuli nusu na midomo ina mafuta, dada alishainuka na mkeka umekunjwa.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kupima. Baba yangu alikuwa fundi bati, anatengeneza vibatari, ndoo na masufuria kutokana na madebe ya mafuta, na kwenye kibanda chake palikuwa na pipa la kuwekea vipande. Dada akisimama karibu na pipa, ukingo wake ulimfika kidevuni. Mimi ulinifika juu ya utosi. Baada ya miezi mimi ulinifika machoni, dada kidevuni. Halafu mimi kidevuni, dada kidevuni. Halafu, mwaka ule wa unga wa njano, mimi kifuani, dada palepale. Nikasadiki kwamba urefu ni kama maji, ukiona umepungua hapa ujue umemwagikia pale. Urefu wa dada ulikuwa unamwagikia kwangu. Kila gauni lililonibana lilikuwa ushahidi.

Na dada hakuwa mgonjwa kwa kumtazama! Hilo ndilo lililowachanganya watu. Hakuwa na kibyongo, hakuwa na miguu ya matege. Alikuwa ameumbwa vizuri kila kiungo, uso wa mviringo kama mwanasesere, mashavu yamejaa, sauti nyembamba ya mtoto wa chekechea. Mgeni akija nyumbani angemwita, "Njoo mtoto, njoo mjomba akupakate," na dada, mwenye miaka kumi, juzuu mbili kichwani, angemjibu, "Shikamoo mjomba. Mimi nimeshapita kupakatwa, labda nikupakate wewe." Maandishi ya kwenye madebe ya baba alijifundisha mwenyewe, akayasoma yote, ya Kizungu hayajui maana lakini anayatamka tu kama dua.

Mtaani tulikuwa na majina. Mimi Ngongoti, kama wale wacheza ngoma wa miguu ya miti, yeye Kisoda. Tukienda kisimani wangeimba, "Ngongoti na Kisoda wanapita!" Mimi nilikuwa nageuka na ngumi. Dada alikuwa anageuka na mdomo.

"Kisoda ndicho kinachozuia soda isimwagike," alimwambia mmoja. "Wewe unazuia nini, zaidi ya njia?"

Aliyeumia zaidi alikuwa baba. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe mabegani kutoka hapa mpaka pwani na kurudi na marobota, na kwetu hadithi hiyo ilikuwa kama cheti cha ukoo. "Sisi ni watu wa mabega," baba alipenda kusema. Akimwangalia Mwamvua alikuwa anarudi kwenye nyundo yake. Hakumchukia. Alimtengenezea kistuli cha bati chenye miguu mitatu ili afikie jiko na mtungi. Lakini watu wakimtembelea, alimwambia aende ndani.

Nikaamua kurudisha nilichochukua. Kwanza nilianza kumpa matonge yangu. Nilikuwa nakata ugali wa njano, naupitisha chini ya sinia mpaka upande wake. Mama aliponiona nakonda akasema nina minyoo, akanichemshia mizizi michungu hata kuikumbuka siitaki. Basi nikaona bora kuruka. Mchana mmoja wa jua kali dada alilala chali mkekani. Kwa kuwa nilichelewa miaka miwili, nilijipigia hesabu kwamba kuruka mara moja hakutatosha, labda mara saba. Nikaruka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tano nikamkanyaga tumbo.

"We! Una wazimu?"

"Nakurudisha."

"Unanirudisha wapi?"

Nikamweleza yote, kumbikumbi, bakuli, Mama Kashindye. Nilikuwa nalia makamasi. Dada alinisikiliza ameshika tumbo, kisha akasema, "Zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Haya ruka. Lakini inua miguu, ng'ombe wewe."

Nikaruka mbili zilizobaki. Asubuhi tulikwenda wote wawili kwenye pipa kuangalia. Kidevuni.

Sasa niwaambie kuhusu sikio, maana vijana wa leo hawaelewi, wao wana vyeti. Sisi vyeti vya kuzaliwa tungevitoa wapi? Ukienda kuandikishwa shule, mwalimu alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukilishika, umetimiza miaka saba. Usipolishika, rudi mwakani. Kipimo ni hicho, hakuna rufaa. Dada alipelekwa mara ya kwanza, mkono ukaishia juu ya sikio, pale nywele zinapoanzia. Mara ya pili, palepale. Mara ya tatu mama akaja juu.

"Mwalimu, huyu nilimzaa mwaka wa Muungano!"

"Mama, mimi Muungano siuoni hapa. Naona mkono."

Ndipo ukaja mwaka wa unga wa njano na tangazo lake, kwamba kila mtoto aliyefika umri lazima aandikwe shule, mzazi atakayemficha mtoto ataitwa kwa katibu kata. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye baiskeli isiyo na breki, alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Kwetu aliniandika mimi. Dada alimwangalia, akampapasa kichwa, akasema, "Na huyu mdogo, inshallah siku yake itafika." Dada aliingia chumbani na hakutoka mpaka chakula. Nikajua kwamba nikienda shule peke yangu, nitakuwa nimemchukulia na hiyo.

Kwa sababu ya njaa walikuja wauguzi kupima watoto. Dada wakamtia kwenye ile mizani ya kuning'inia, ya watoto wachanga, na kaptura yake ya kitambaa, miguu inaning'inia hewani mbele ya mtaa mzima, miaka kumi. Alifumba macho. Muuguzi mmoja akasoma mizani, akambinya shavu, akambinya mkono.

"Mama, huyu hana njaa. Nyama anayo. Huyu ana jambo jingine. Mpeleke hospitali ya Kitete, kwa daktari wa watoto."

Tukaenda kwa miguu watu watatu, mama, dada, na mimi nimebeba kibuyu cha maji. Daktari alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa mbali kwa matamshi yake, koti jeupe lina kiraka mfukoni. Harufu ya spiriti mle chumbani ilikuwa inachoma macho. Alimpima dada akiwa amesimama, akampima amekaa, akamwangalia meno, akamuuliza kama kichwa kinamuuma na kama anaona vizuri. Akamuuliza mama urefu wa baba, urefu wa babu. Mama akaanza habari za mpagazi na pembe. Mimi sikuweza kuvumilia tena.

"Daktari, ni mimi!"

"Ni wewe nini?"

"Nilimruka. Sikurudi. Nilikwenda kula kumbikumbi."

Mama akaninyanyulia mkono, daktari akamzuia. Hakucheka. Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Ulimruka lini?"

"Nikiwa na miaka mitano."

"Na kabla hujamruka, alikuwa mrefu?"

Nikafikiri. Nikakumbuka pipa. Nikakumbuka mama akisema kila mara kwamba gauni la dada la miaka minne lilimtosha hadi wa saba.

"Hapana," nikasema.

"Basi ulimruka mtu ambaye tayari alikuwa mfupi. Hukumkata kitu. Hebu niambie, kwenu mnaye balozi?"

"Tunaye. Ana baiskeli."

"Kukiwa na mkutano, nani anawaambia?"

"Balozi anapita."

"Na asipopita?"

"Hatwendi. Hatujui."

"Mko nyumbani, mna miguu, mna nguvu, ila hamjui kuna mkutano. Sawa? Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna kitu kidogo kama punje ya choroko. Huyo ndiye balozi. Kazi yake mojawapo ni kutuma tangazo kwa mifupa: refukeni. Nadhani wa dada yako hatumi, au anatuma kidogo mno. Mifupa yake ni mizima. Inasubiri tangazo. Hakuna aliyemroga, hakuna aliyemruka, mama yake hakukosea kumlisha. Alizaliwa hivyo, kama mwingine anavyozaliwa na shimo shavuni."

Dada akauliza, "Tangazo lenyewe haliwezi kuletwa na mtu mwingine?"

Daktari akamgeuzia kiti. Akasema hilo ndilo swali. Akasema huko Ulaya ipo dawa, lakini inatolewa kwenye vichwa vya watu waliokufa, na ni chache kiasi kwamba watoto wa hukohuko wanasubiri foleni.

"Astaghfirullahi," mama akasema.

"Hapa hatuna, na sitawadanganya kwamba itakuja kesho. Labda siku moja watajua kuitengeneza wenyewe."

"Basi mimi nimpe nini mwanangu?"

"Mpe shule, mama. Akili yake haijapungua hata punje. Mtoto aliyeuliza swali lile anarudishwaje nyumbani kila mwaka?" Akaandika cheti, akakigonga muhuri, akampa mama.

Njiani kurudi nilitembea kama niliyetuliwa gunia. Tulipofika karibu na reli dada akasema, "Kwa hiyo ulinikanyaga tumbo bure."

Hidaya alicheka sana nilipofika hapo. Nikamdunga sindano yake akiwa bado anacheka, hata hakuitazama. Nikamwambia, sikiliza, maana shangazi yako ana mdomo lakini hana habari. Ile dawa ya maiti iliachwa zamani. Daktari wako wa Dar es Salaam aliniambia baadhi ya waliochomwa walipata ugonjwa kutokana nayo. Hii yako imetengenezwa, haijatoka kwa mtu. Wewe balozi wako amelala kama wa bibi yako Mwamvua, kwa hiyo mimi kila jioni nabeba tangazo lake, napita nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana hatukosi hata siku moja. Ndiyo maana umeme ukikatika dawa naitoa kwenye friji, naihamishia kwenye chupa ya chai niliyoipoza kwa maji ya barafu, na barafu yenyewe isiiguse, kwa sababu ikiganda imeharibika.

"Nitakuwa mrefu kama wewe?"

"Hapana. Mimi ni Ngongoti, hakuna dawa ya hiyo. Utakuwa na urefu uliokuwa wako tangu mwanzo. Unakumbuka walipokupiga picha ya mkono?"

Anakumbuka. Walimtoa damu mara nyingi asubuhi moja, akalia, lakini picha ya mkono aliipenda, mifupa yake yote myeupe kama matawi. Daktari alituonyesha nafasi kati ya mifupa, akasema huu mkono una miaka tisa kwa mama yake lakini kwa mifupa yake ni mdogo zaidi, bado una nafasi ya kukua, na nafasi hizo zikija kuziba siku moja, sindano zitakuwa zimemaliza kazi yake kwenye urefu. Nilimwambia daktari yule, mwanangu, sisi zamani tulipimwa umri kwa mkono pia, lakini wenu unaona ndani. Kila miezi michache wanampima. Pindo la sketi yake ya shule nimelikunjua mara mbili. Sihitaji shangazi wa mtu kuniambia kama dawa inafanya kazi.

Hidaya akavuta shuka. "Bibi Mwamvua si alikuwa mwalimu? Aliingiaje shule sasa, kama mkono ulikuwa haufiki?"

Mwalimu, naam. Alifundisha kata hii miaka na miaka akiwa amesimama juu ya kreti la soda, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka mara mbili. Mimi nilikaa naye dawati moja mpaka darasa la nne, nikachoka na vitabu, nikaomba nyundo ya baba. Baba alisema bati si kazi ya mwanamke. Haya, ndoo zangu mnazo majumbani mwenu. Nikamwambia Hidaya, nitakueleza alivyoingia, na nyie nawaeleza sasa.

Siku ya kuandikishwa foleni ilianzia mlango wa ofisi ikazunguka ukuta. Vumbi, wazazi, vichwa vimenyolewa vinang'aa mafuta ya nazi. Mwalimu alikaa mezani na daftari kubwa, balozi wetu amesimama pembeni yake kuthibitisha watu wake. Dada alikuwa mbele yangu. Asubuhi alikuwa amejinyoosha mkono ule wa kulia, ameuvuta kwa mkono wa kushoto mpaka bega likavimba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mtoto mzuri. Haya, mkono."

Akaupitisha. Nilikuwa nyuma yake, niliona vidole vikitambaa juu ya kichwa kama jongoo, vinavuta, vinavuta, shingo imepinda upande. Kidole cha kati kikaishia pale nywele zinapoanzia. Watu nyuma wakaguna. Mmoja akasema, "Si Kisoda huyo? Kila mwaka yupo."

"Mwakani, mwanangu," mwalimu akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi.

Mama akatoa cheti cha daktari kutoka kwenye pindo la kanga. Mwalimu akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Mama, hapa pameandikwa habari za mwili. Mimi nimeambiwa nichukue waliotimiza umri, nisijaze darasa watoto wachanga. Umri nitaujuaje, kama si kwa sikio?"

"Mwalimu," dada akasema kwa ile sauti yake ya kinyoya, macho kwenye daftari lililogeuzwa upande mwingine, "Ramadhani Juma umemwandika mara mbili. Hapo, na hapo."

Mwalimu akatazama. Akamkata mmoja. Watu wakacheka, hata balozi alicheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani yamekwisha. Lakini mwalimu akatikisa kichwa. "Kusoma si umri. Nikimpokea huyu, kesho kila mtu ataniletea mtoto wa kubeba mgongoni. Anayefuata!"

Aliyefuata ni mimi. Nikapitisha mkono, ukapita sikio, ukafika shavuni. Watu wakapiga makofi.

"Safi kabisa! Jina?"

Nikageuka kumtafuta dada.

"Jina lako nani? Huna ulimi?"

Dada alikuwa ameshaanza kuondoka, anatazama chini, anapangusa vumbi kwenye gauni alilolifua jana yake kwa ajili ya siku ile. Nikamshika mkono, ule uliovimba bega.

"Siandikwi mpaka aandikwe dada yangu."

Mwalimu akainua kichwa, akaangaza nyuma yangu. "Dada yako yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Huyu ni mdogo wako."

"Ni dada yangu. Mimi wa Azimio, yeye wa Muungano. Muulize balozi."

Balozi akakohoa. Akatazama daftari lake, akamtazama dada, akamtazama mama aliyemfahamu tangu akiwa mwari. Nikaona anahesabu kichwani. "Mwalimu," akasema polepole, "kuolewa kwa mama yake mimi nilikuwepo. Mtoto wa kwanza alikuwa... ndiyo, huyu mtoto hasemi uongo."

"Mzee, nawe usinichanganye. Kipimo ni kimoja." Mwalimu akachovya kalamu. "Wewe binti, hii ni amri ya serikali. Usipoandikwa, baba yako ataitwa kwa katibu kata. Unataka baba yako aitwe?"

Mama akaniinamia sikioni, kanga yake inanuka moshi. "Taja jina, mwanangu. Tutazungumza nyumbani." Na dada mwenyewe akanifinya kiganja, "Taja, Ngongoti. Usiwe mjinga." Lakini nilikuwa mrefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona urefu una kazi, maana mwalimu amekaa na mimi nimesimama ilimbidi aniangalie juu.

"Nauliza mara ya mwisho," akasema, ncha ya kalamu iko kwenye mstari. "Jina lako nani?"

"Siandikwi mpaka aandikwe dada yangu."